Jaji atatutembelea kwa saa moja: je, asikilizwe na shule nzima au na darasa moja?

Swali kutoka kwa Mratibu wa Taaluma

Ndugu wadau wa elimu,

Ninafundisha katika shule ya sekondari ya serikali nchini England, na pamoja na vipindi vyangu nimekabidhiwa kazi ya kuratibu mwongozo wa taaluma na ajira kwa wanafunzi. Kwa jitihada za mmoja wa wajumbe wa bodi yetu, jaji wa Mahakama ya Rufani amekubali kututembelea muhula ujao. Ni mwanamke aliyesoma shule ya serikali isiyochagua wanafunzi kwa mtihani, kama ilivyo yetu, na ametupa saa moja tu kwa kuwa ratiba ya mahakama haimruhusu zaidi.

Mwalimu Mkuu angependa wanafunzi wote, kuanzia wa miaka 11 hadi wa miaka 18, wakusanywe ukumbini wamsikilize kwa pamoja, kisha zipigwe picha za kuwekwa kwenye jarida la shule. Hoja yake siidharau, kwani nafasi kama hii haiji kila mwaka, na ni vigumu kumweleza mtoto kwa nini wenzake waliitwa yeye akaachwa. Hata hivyo nina mashaka. Nimekwisha kuona wageni mashuhuri wakipokewa kwa shangwe, wakazungumza vizuri kabisa na kupigiwa makofi, halafu baada ya majuma mawili ukimuuliza mwanafunzi amebaki na nini, anakutajia gari lililomleta mgeni.

Naomba msaada wenu katika mambo haya. Je, upo ushahidi wowote kwamba ziara ya mtu mmoja wa namna hii hubadilisha chochote katika maisha ya mwanafunzi? Kama upo, ni umri gani unaofaidika zaidi? Na sisi walimu tufanye nini kabla na baada ya ziara ili saa hiyo isipotee? Nitashukuru pia kupata maoni ya wanaoamini kwamba muuguzi au fundi umeme wa mtaani angewafaa wanafunzi wetu kuliko jaji, kwa sababu katika chumba cha walimu wapo wanaosema hivyo waziwazi.

Jibu la kwanza: Mwalimu Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kumpata mgeni huyo. Nitaanza na suala la umri, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ninaoufahamu ulipo bayana.

Mwaka 2016 watafiti Elnaz Kashefpakdel na Christian Percy walichapisha uchunguzi uliotumia taarifa za watu waliozaliwa Uingereza katika juma moja la mwaka 1970, ambao maisha yao yamefuatiliwa tangu utotoni. Waligundua kwamba kila kikao cha kuzungumza kuhusu kazi na mtu kutoka nje ya shule, ambacho mwanafunzi alikipata akiwa na miaka 14 hadi 15, kiliambatana na mshahara uliozidi kwa wastani wa asilimia 0.8 alipofika miaka 26, hata baada ya kuzingatiwa hali ya familia yake na uwezo wake wa darasani. Kwa vikao vya mwaka uliofuata, alipokuwa na miaka 15 hadi 16, uhusiano huo ulififia. Asilimia 0.8 ni ndogo, lakini kumbuka kwamba ni kwa kikao kimoja, na kwamba waliohudhuria vingi walizidi kuvuna. Tafsiri yangu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa 10 (miaka 14 hadi 15) bado ana muda wa kubadili bidii yake kabla ya mitihani ya GCSE, inayofanywa mwishoni mwa mwaka wa 11, ilhali wa mwaka wa 11 amekwisha kuzama katika mazoezi ya mitihani na hana nafasi ya kuota jambo jipya. Kama ningekuwa mahali pako, ningelilinda darasa la mwaka wa 10 kuliko jingine lolote.

Jambo la pili ni kanuni, ambazo zinaweza kukusaidia mbele ya Mwalimu Mkuu. Vigezo vinane vya Gatsby, yaani vipimo vya mwongozo bora wa taaluma shuleni, vilivyoandaliwa chini ya Sir John Holman na kutolewa 2014, ndivyo msingi wa mwongozo wa kisheria ambao shule za England zinatakiwa kuufuata kuhusu taaluma na ajira. Kigezo cha tano kinataka kila mwanafunzi, kuanzia umri wa miaka 11, akutane na mwajiri au mtu aliye kazini angalau mara moja kila mwaka, na makutano hayo yawe na maana. Makutano yenye maana ni yale ambayo mwanafunzi anapata nafasi ya kujifunza kazi yenyewe ilivyo na kuzungumza na anayeifanya. Ukumbi wenye mamia ya watoto waliokaa kimya ni hotuba, na sidhani kama mkaguzi makini angeiita makutano.

La mwisho ni la haki. Yapo maneno kwamba shauku ya kuwaalika wageni mashuhuri ni mapambo tu, na mimi siyakubali. Mwanahabari wa uchumi Robert Peston, ambaye mwenyewe alisoma shule ya serikali London, alianzisha mpango wa Speakers for Schools, uliozinduliwa 2011, baada ya kuona kwamba shule zilizokuwa zikimwita kuzungumza na wanafunzi zilikuwa zaidi za kulipia. Mpango huo hupeleka wageni mashuhuri katika shule za serikali bila malipo. Na kwa upande wa majaji hasa, uchunguzi ambao Sutton Trust, shirika linalotetea usawa wa nafasi katika elimu, ilishiriki kuutoa 2019 ulionyesha kwamba asilimia 65 ya majaji waandamizi walisoma shule za kulipia, ambazo husomesha takriban asilimia 7 tu ya watu wa nchi hii. Mtoto wa shule ya kulipia huenda ana jaji mezani kwao siku ya sikukuu. Mwanafunzi wako anamwona kwenye televisheni tu, akiwa mbali na amevaa wigi.

Jibu la pili: Mtafiti wa Elimu

Nakubaliana na Mwalimu Mstaafu katika mengi, ila ningependa kuongeza tahadhari mbili na kutilia mkazo jambo moja ambalo naona limepita haraka mno katika swali: kwamba jaji huyu alisoma shule kama yenu. Kwa maoni yangu hilo ndilo lenye uzito kuliko cheo chake.

Mtafiti Trang Nguyen alifanya jaribio nchini Madagascar katika shule za msingi, na matokeo yake yakatoka 2008. Baadhi ya shule zilitembelewa na watu waliofanikiwa waliosimulia maisha yao kwa wanafunzi na wazazi. Wageni hao walichaguliwa kwa makusudi kutoka tabaka mbalimbali: wengine walizaliwa katika familia maskini, wengine katika familia zenye nafasi. Watoto maskini waliosimuliwa na mgeni aliyetoka katika umaskini walipanda alama zao. Waliosimuliwa na mgeni aliyezaliwa na nafasi hawakubadilika, ingawa naye alikuwa amefanikiwa. Yaani mafanikio peke yake hayakutosha, na kilichofanya kazi ni mtoto kuona mahali mgeni alipoanzia na kupatambua. (Katika jaribio hilohilo, shule ambazo hazikupata mgeni, zikapewa tu takwimu za jinsi mapato yanavyoongezeka kadiri mtu anavyosoma, nazo ziliona alama zikipanda. Ni jambo la kutukumbusha kwamba karatasi moja yenye taarifa sahihi si kitu cha kudharauliwa, na ni rahisi kuliko kumsafirisha jaji.)

Tahadhari ya kwanza inahusu umbali wa mafanikio. Penelope Lockwood na Ziva Kunda, katika utafiti wao wa 1997 nchini Kanada, waliwapa wanafunzi wa uhasibu makala kuhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyefanya vizuri kupita kiasi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliposoma habari zake walijiona nao wana uwezo zaidi, kwa sababu muda wa kumfikia walikuwa nao. Wa mwaka wa nne hawakupata faida hiyo, kwa kuwa yule alikuwa rika lao na nafasi ya kumfikia ilikuwa imepita. Kwa hiyo jaji wa Mahakama ya Rufani akisimuliwa kama mtu aliyezaliwa na kipaji kisicho cha kawaida, mwanafunzi wa wastani atamheshimu na kumuweka kando. Akisimulia alivyokuwa akiwa na miaka 15, alama zipi zilimsumbua na nani alimwonyesha fomu ya kuombea chuo, umbali utapungua.

Tahadhari ya pili inagusa umri, na hapa sikubaliani kikamilifu na aliyenitangulia. Thomas Breda na wenzake walifanya jaribio kubwa katika shule za sekondari za juu 98 kuzunguka Paris katika mwaka wa masomo wa 2015 na 2016, likihusisha karibu wanafunzi 20,000. Wanawake walio katika kazi za sayansi walitembelea madarasa kwa saa moja tu, na madarasa ya kutembelewa yalichaguliwa kwa kura ili kulinganisha na yale yasiyotembelewa. Wasichana wa mwaka wa mwisho katika mkondo wa sayansi, hasa waliokuwa wazuri katika hisabati, waliongezeka kujiunga na kozi za sayansi zenye ushindani mkali. Wasichana wadogo wao, wa takriban miaka 15 hadi 16, hawakubadili uchaguzi wao wa masomo kwa kiasi cha kuonekana, japo fikra zao kuhusu wanawake na sayansi zilibadilika. Nadhani mgeni humfaa zaidi mwanafunzi aliyesimama kwenye njia panda, ambaye ndani ya miezi michache anatakiwa kuchagua. Katika shule yenu njia panda ni mbili: mwaka wa 10 na 11 kabla ya kuchagua masomo ya baada ya miaka 16, na mwaka wa 12 (miaka 16 hadi 17) kabla ya maombi ya vyuo na uanagenzi. Utafiti wa mishahara aliouleta Mwalimu Mstaafu unaonyesha uhusiano. Huu wa Ufaransa, kwa sababu ya kura ile, unaonyesha sababu. Ndiyo maana nisingemwacha nje mwanafunzi wa mwaka wa 12.

Utafiti huo una somo jingine ambalo ningemnong'oneza jaji kabla hajapanda jukwaani. Ziara zilizofanya kazi zaidi ni zile zilizoelezea kazi yenyewe na kuifanya ivutie. Zile zilizokazia mno uchache wa wanawake katika sayansi hazikuwa na nguvu hiyo. Asiutumie muda wake mwingi kuhesabu ni wangapi kama yeye wamekosekana mahakamani. Watoto wanajua tayari, na wakiambiwa mara nyingi mno wanaweza kuelewa kwamba mlango umefungwa.

Jibu la tatu: Mzazi wa Mwanafunzi wa Mwaka wa 9

Nashukuru kwa maelezo haya, lakini naomba niulize kwa niaba ya wazazi tunaobaki nje ya takwimu.

Kwanza, nani atachaguliwa kuingia katika hicho chumba kidogo? Uzoefu wangu ni kwamba shule ikiambiwa ichague wanafunzi 30, inachagua wale ambao hawataiaibisha mbele ya mgeni: wenye alama nzuri, wanaojua kusalimia na ambao wazazi wao huja kwenye vikao. Hao wangefika vyuo vikuu hata jaji asingekuja. Mtoto anayekaa nyuma ya darasa, anayebishana na kila mtu na huenda angekuwa wakili hodari kuliko wote, anaambiwa arudi kwenye somo la jiografia. Ukumbi wa Mwalimu Mkuu una kasoro zake, lakini angalau haubagui.

Pili, nina wasiwasi na simulizi za mafanikio zinazoisha kwa kusema "nilifanya bidii, nanyi mnaweza." Wapo waliofanya bidii ileile na hawakuwa majaji. Hao hawaalikwi. Mwanangu ana haki ya kuambiwa kwamba kuna bahati, kuna watu wanaokufungulia mlango, na kuna nyakati mlango haufunguki, ili siku akikwama asidhani kwamba kasoro ni yake peke yake.

Tatu, kuhusu jina kubwa. Wote tunakumbuka Michelle Obama alivyokwenda kwenye shule ya wasichana ya Elizabeth Garrett Anderson, Islington, Aprili 2009, na inasemekana alama za wasichana wale zilipanda sana baadaye. Kama ni kweli, je, hoja kwamba mgeni lazima awe karibu na wanafunzi haianguki? Hakuna aliye mbali kuliko mke wa Rais wa Marekani.

Jibu la nne: Mtafiti wa Elimu

Ndugu Mzazi, kuhusu uchaguzi wa wanafunzi umesema kweli tupu, na sina la kupinga.

Kuhusu Elizabeth Garrett Anderson, aliyechunguza ni Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol, na matokeo yake yalitoka 2016. Alilinganisha shule hiyo na shule nyingine za London, akaona wasichana waliofanya mitihani 2012 walipanda kwa kiasi ambacho, alivyokieleza mwenyewe, ni sawa na kila mmoja kutoka alama C nane hadi A nane. Ni ongezeko kubwa mno kwa vipimo vya elimu, na Burgess hakudai kwamba amethibitisha chanzo chake, kwa sababu ni shule moja na huwezi kuirudisha nyuma uone ingekuwaje bila mgeni.

Lakini tazama kilichotokea kati ya 2009 na 2012. Michelle Obama hakuja mara moja akaondoka. Mwaka 2011 alikutana tena na wasichana wa shule hiyo katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 2012 baadhi yao wakaalikwa Ikulu ya Marekani. Tena hakuwasimulia kuhusu Ikulu. Aliwasimulia kuhusu utoto wake katika familia ya wafanyakazi upande wa kusini wa Chicago, na kuhusu kupenda kuwa mwanafunzi mwerevu bila kuona haya. Aliyeonekana kuwa mbali alijisogeza mwenyewe, kwa simulizi na kwa kurudi. Nami naona kurudi ndiko kulikokuwa na uzito mkubwa, ingawa hilo ni rai yangu na si matokeo ya utafiti.

Jibu la tano: Wakili anayetembelea shule

Nimekuwa nikialikwa katika shule za serikali kwa miaka kadhaa kuzungumzia kazi ya sheria, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa pili wa meza, yaani upande wa mgeni.

Mgeni mashuhuri mara nyingi hajui azungumze nini. Asipoelekezwa ataleta hotuba aliyoitoa kwenye karamu ya mawakili wenzake. Kwa hiyo mwandikie jaji barua ya ukurasa mmoja, umweleze wanafunzi wana umri gani, wamesoma nini kuhusu mahakama na wanaogopa nini, na umwombe mambo mahususi. Mwombe dakika 10 za kueleza jana yake ilikuwaje kazini: aliamka saa ngapi, alisoma kurasa ngapi, alibishana na nani, na uamuzi upi ulimkosesha usingizi. Watoto husisimka kwa habari za kazi kuliko kwa habari za cheo. Muda unaobaki uwe wa maswali, na maswali yakusanywe mapema kwa maandishi, bila majina, ili swali la mwenye haya liulizwe na mwenzake. Maswali yasichujwe kupita kiasi. Swali la mshahara liulizwe. Mishahara ya majaji hutangazwa na serikali, hakuna siri ya kulinda.

Halafu liko jambo ambalo hotuba nyingi hulikosa kabisa: njia yenyewe. Mwanafunzi akishavutiwa anahitaji kujua Jumatatu afanye nini. Hapa England mawakili wapo wa aina mbili, wanaowahudumia wateja ofisini na wanaosimama mahakamani, na wote wanaweza kuja kuwa majaji. Nafasi za ujaji hutangazwa hadharani na kusimamiwa na Tume ya Uteuzi wa Majaji, iliyoanza kazi 2006, na sheria ya 2007 ilipunguza miaka ya uzoefu inayotakiwa kuwa mitano au saba kulingana na nafasi. Tangu 2016 kumekuwapo pia uanagenzi wa uwakili wa ofisini, ambapo kijana aliyemaliza masomo ya miaka 18 huajiriwa, hulipwa mshahara na kusoma kwa takriban miaka sita hadi awe wakili kamili, bila kukopa ada ya chuo kikuu. Kila ninapoutaja, walimu wananifuata mlangoni kuuliza zaidi kuliko hata wanafunzi. Jaji mwandamizi huenda asiujue undani wake, kwa sababu wakati wake haukuwapo. Andaeni karatasi yenye maelezo hayo, na kama mnaweza, mwalikeni pia mwanagenzi mmoja wa miaka 19 au 20 akae pamoja na jaji. Huyo kijana ndiye atakayezungukwa baada ya kikao.

Hilo linajibu pia wanaotaka muuguzi na fundi umeme badala ya jaji. Waje pia, na waje mara nyingi zaidi. Mpango wa Inspiring the Future, ulioanza 2012, huunganisha shule na watu wa kazi za kila aina wanaojitolea walau saa moja kwa mwaka, na shule za serikali haziulipii. Jaji ana kazi ambayo fundi hawezi kuifanya, ya kuonyesha kwamba hata kiti kile cha juu kimewahi kukaliwa na mtu wa shule kama yetu. Fundi naye ana kazi ambayo jaji hawezi kuifanya. Nisichokubali ni shule kumwita fundi kwa watoto wa alama za chini na jaji kwa watoto wa alama za juu, na nimeona ratiba zilizopangwa hivyo bila mtu kushtuka.

Niongeze mfano mmoja, kwa kuwa mwalimu ataukuta akitafuta vielelezo vya kuwaandaa wanafunzi. Lady Hale, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2017, alisoma shule ya serikali huko Richmond, Yorkshire. Ni mfano mzuri, ila wanafunzi makini watagundua kwamba ilikuwa shule iliyochagua wasichana kwa mtihani na kwamba baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Waacheni wagundue na wajadili. Mjadala huo unajibu hofu ya Mzazi kuhusu bahati kuliko tangazo lolote la mwalimu.

Mratibu wa Taaluma anarudi

Ndugu zangu, nimesoma yote na kumpelekea Mwalimu Mkuu sehemu kubwa. Amekubali tusikusanye shule nzima, kwa sharti kwamba kusiwe na orodha ya walioteuliwa na walimu. Tunakusudia kuwa na wanafunzi wapatao 60 kutoka mwaka wa 10 na wa 12 kwa pamoja. Nafasi itaombwa kwa kuandika swali moja kwa jaji, na maombi yakizidi nafasi tutapiga kura. Nusu ya nafasi zitatengwa kwa wale ambao hawajawahi kuhudhuria kikao chochote cha namna hii, na hao tutawafuata mmoja mmoja kuwahimiza, maana najua wapo ambao hawataandika swali bila kuombwa.

Yamebaki mawili yanayonitatiza. La kwanza, mwanafunzi mmoja ameniuliza kama anaweza kumhoji jaji kuhusu sera ya serikali ya uhamiaji, na sijui nimruhusu au nimkataze. La pili, jaji amesema hawezi kuahidi kurudi, na maelezo ya Mtafiti kuhusu kurudi yamenikaa kichwani.

Jibu la sita: Mwalimu Mstaafu

La uhamiaji lina pande mbili. Sheria ya Elimu ya 1996 inakataza shule kuendeleza mitazamo ya upande mmoja wa kisiasa na inataka wanafunzi wapewe maelezo yenye uwiano, lakini haikatazi mwanafunzi kuuliza. Jaji naye anabanwa na maadili ya kazi yake, hatatoa maoni juu ya sera, wala juu ya kesi inayoweza kufika mbele yake. Mruhusu mwanafunzi aulize, na umsaidie kuligeuza swali liwe hivi: jaji anafanyaje anapotakiwa kutumia sheria asiyoipenda? Hilo atalijibu, na jibu lake litakuwa kiini cha kikao kizima. Kumbuka tu kwamba mgeni asiachwe peke yake na wanafunzi hata kwa dakika chache, na picha zichukuliwe za wale tu ambao wazazi wao wameridhia.

Kuhusu kurudi, usimuombe saa nyingine. Muombe kitu kidogo kuliko hicho. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na Mahakama ya Rufani hurusha baadhi ya mashauri yake mtandaoni moja kwa moja. Mwombe awatajie siku ambayo kutakuwa na shauri wanaloweza kulielewa, mlitazame pamoja darasani, kisha wanafunzi wamwandikie barua yenye maswali yao naye awajibu kwa ukurasa mmoja. Na wale ambao kura haikuwapata wawe wa kwanza kualikwa kwenye kipindi hicho. Tarehe yake uipange na karani wake sasa hivi, kabla ya ziara, kwa sababu baada ya ziara kila mtu huwa na shughuli nyingine.